Ndizi Zina Mwenyewe

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani kijijini Keza, Ngara, kwenye sherehe ya kumtolea mahari binti wa mdogo wangu, nikaona kreti za bia zikishushwa kutoka kwenye pikapu. Zilipangwa ukutani, za soda upande mmoja na za bia upande mwingine, kisha kijana mwenye kipaza sauti akatutangazia kwamba vinywaji vipo vya kutosha, kila mtu aseme anachotaka. Kila mtu akasema. Mimi nilisema soda baridi, nikafunguliwa, nikanywa, nikabaki na hisia kwamba kuna kitu tumekiruka. Ilinichukua muda kukitambua. Hakuna aliyeonja kwanza.

Kama ulikulia kwetu unajua ninachosema. Kama hukukulia kwetu, kaa hapa karibu nikueleze. Zamani pombe ya ndizi, rubisi, ilipotengwa mbele ya wageni, mwenye pombe alivuta funda la kwanza huku wote wakimtazama. Alikuwa anawaambia, bila maneno, kwamba humu hamna kitu kibaya, na kama kimo basi tutakufa pamoja. Ndipo mrija ulipopita kwa wengine. Bia ya kiwandani haina mwenyewe wa kuionja, na labda ndiyo sababu soda yangu siku ile haikushuka vizuri.

Ninayetaka kukusimulia ni Babu, baba mzazi wa baba yangu. Wakati ule ng'ambo ya mpaka palikuwa pameharibika, na watu walikuwa wakiingia Ngara kila siku, wamebeba watoto, magodoro na sufuria zenye masizi. Vilima tulivyovijua kwa majani viligeuka rangi ya bluu kwa maturubai. Malori yalipita mchana kutwa, na mwalimu wetu alizoea kusimama na chaki hewani mpaka ngurumo ipite, kisha akaendelea na sentensi palepale alipoiachia. Miti iliyokuwa karibu ilikatwa, Mama akawa anarudi na kuni jua likiwa limeshashuka. Sisi watoto, nikuambie ukweli, tulikuwa tunaona raha. Tulikula ugali wa unga wa njano ambao hatukuwahi kuuona, uliotoka kambini kwa kubadilishana na ndizi zetu, na uji wake ulinukia kama kitu cha kizungu. Na lugha ya waliokuja tuliielewa bila mkalimani, maana Kirundi chao na Kihangaza chetu ni kama ndugu wa nyumba moja.

Wakati huohuo Babu alikuwa ameanza kutoka. Hivyo ndivyo tulivyosema nyumbani: "Babu ametoka." Mwili ulikuwa kwenye kigoda, unasokota kamba ya mgomba, lakini yeye mwenyewe hayupo, na hakuna aliyejua atarudi saa ngapi. Asubuhi alikuwepo, anauliza habari za kahawa, anamtania Mama kuhusu chumvi. Jua likipanda, katikati ya neno, anatoka. Baadaye sana, chuo kikuu, nilisoma jina la ugonjwa ule kwenye kitabu kinene. Nililinakili kwa mwandiko mzuri, nikajiona nimeelewa. Leo jina hilo nalikumbuka vizuri kabisa, ila miwani yangu sijui nimeiweka wapi.

Siku moja alinikuta nafagia uani. Akasimama, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, dada."

Nilikuwa darasa la nne. Nilidhani ananitania, maana kwetu babu na mjukuu ni watani, lakini hakucheka. Alikuwa amesimama na kofia mkononi, anasubiri. Basi nikaitika marahaba. Mama alitoka jikoni na mwiko, tayari kunifundisha adabu, lakini Shangazi akamzuia. Alisema mwache aitike, asipoitika huyu mzee atasimama pale mpaka jioni. Shangazi ndiye binti wa mwisho wa Babu, na ndiye aliyemjua kuliko sisi wote.

Hivyo ndivyo nilivyopata cheo. Dada yake Babu aliolewa ng'ambo ya mto Ruvubu akiwa msichana, akafia huko, na mimi sasa nilikuwa nimerudi. Kwanza niliogopa, kisha nikaanza kupenda, kisha udadisi ukanishika. Nilitaka kujua huyu dada ni nani. Nilikaa naye mchana, yeye na kamba zake, mimi na karanga za kumenya, nikamuuliza maswali ya mtego. Nilijifunza mengi kuhusu mimi mwenyewe. Kumbe nilikuwa mkali. Kumbe nilitumia mkono wa kushoto, nikawahi kumng'oa jino mtoto wa jirani kwa ngumi, na kumbe wimbo wa kuamshia ndama niliutunga mimi. Siku nyingine alinitazama kwa muda, akauliza kwa upole, "Njiani ulikula nini?" Nikajibu nilikula viazi. Akatikisa kichwa, akaridhika, akaendelea na kamba.

Sasa, Shangazi alikuwa anaolewa. Umri wake ulikuwa umeanza kusemwasemwa kisimani, na mchumba wake, fundi seremala wa Nyamigogo kule Biharamulo, alikuwa mtu wa maana aliyekwisha kusubiri vya kutosha. Sherehe ilikuwa imeahirishwa mara moja, wakati barabara zilipojaa watu na hakuna aliyejua kinachotokea. Mjomba wa mchumba hakupenda kule kuahirishwa. Alituma neno kwamba safari hii wakija wakakuta tena hakuna lililo tayari, basi watajua familia ya Keza haina nia, na kijana atatafutiwa mke karibu na nyumbani. Na lililotakiwa kuwa tayari kabla ya mengine yote ni rubisi, itoke kwa baba wa binti, nayo ionjwe kwanza mbele yao.

Ndizi ndizo zilizokuwa shida. Mwaka ule ndizi zilivunwa kabla ya wakati; nyingine tuliuza, nyingine tuligawa, nyingine ziliondoka bila kuaga. Baba alihangaika mpaka akakusanya mikungu ya kutosha ya ndizi za pombe, zile chungu ambazo hazipikwi, akaisimamisha kwenye kona ya nyumba. Asubuhi moja tulirudi kutoka kanisani tukakuta kona tupu.

Jirani yetu, mama mmoja ambaye kila kilichopotea tangu wageni waje alijua kimekwenda wapi, alisema hata kutafuta hakuna haja. Alimtaja kibarua wetu. Huyu alikuwa mtu wa makamo kutoka ng'ambo, mrefu, mpole, aliyekuja kila asubuhi, hata Jumapili, kutoka kambini kutulimia, akalipwa kwa ndizi na maharage. Siku ile hakuja, na kutokuja kwake kukawa ushahidi. Baba alikwenda kambini amekunja uso. Alimkuta amelala, ana homa, amejifunika blanketi, na hakuna hata ganda la ndizi. Hata hivyo alimuuliza, na namna alivyomuuliza haikuwa ya kuuliza. Yule mtu alimjibu kwamba kama angekuwa na nguvu za kubeba mikungu yote ile, angekuwa amekuja kazini.

Aliporudi Baba, Shangazi alikuwa amekwisha kuona kitu kingine. Jembe la Babu lilikuwa na udongo mbichi, na kwenye kofia yake kulikuwa na nyuzi za jani la mgomba. Babu alikuwa amezifukia. Si wazimu: ndizi za pombe huivishwa shimoni. Unachimba, unawasha majani makavu ndani mpaka udongo upate joto, unatandika majani mabichi, unapanga ndizi, unafunika kwa majani na udongo, ukiacha mdomo mdogo wa kupulizia moshi. Baada ya siku chache zinatoka za njano na laini. Ukichelewa zinaoza, unabaki na uji mweusi. Babu alifanya kazi hiyo maisha yake yote, kwenye shimo moja nyuma ya nyumba ambalo kila mtu alilijua. Lakini mwaka ule wa wizi, akili ile iliyokuwa inatoka na kurudi ilimwambia afiche. Alificha vizuri mno. Kisha akatoka.

Tulimuuliza, akasema ndizi zipo. Tukauliza ziko wapi, akasema zilipo. Baba alichoma ardhi kwa mti uliochongwa, mstari kwa mstari, shamba zima la migomba. Mama alipita ananusa. Mimi nilitumia cheo changu, nikamwuliza kama dada, naye akanieleza kwa furaha shimo la baba yetu kwenye kilima cha zamani, mahali ambapo hata Baba hakupafahamu. Siku za sherehe zilikuwa zinakaribia na ndizi zilikuwa zinaiva popote zilipokuwa, na Shangazi akaacha kula.

Yeye ndiye aliyepata wazo. Alisema tunakosea kumuuliza, maana ukimwuliza unamtuma kichwani, na kichwani hamna kitu. Akaazima mkungu mmoja kwa jirani, akampa Babu pamoja na jembe, akamwambia, "Baba, wageni wanakuja. Nifukie hizi." Halafu akatuonya tusimfuate karibu.

Babu aliweka mkungu begani kama kijana. Hakufikiri hata kidogo. Alipita shimo la zamani bila kulitazama, akashuka mpaka mwisho wa shamba, kwenye matembele ya Mama, akasukuma mashina kando kama mtu anayefungua pazia, akaanza kuchimba. Jembe liligonga majani. Akapiga magoti, akafunua, na harufu ikatoka, ile harufu tamu yenye moshi ambayo mpaka leo nikiinusa mate yananijaa kabla sijajua kwa nini. Zilikuwa zimeiva sawasawa. Shangazi alikaa chini palepale kwenye matembele akaanza kucheka na kulia.

Babu hakucheka. Alizitazama kwa makini ya fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Akagusa jani, akanusa udongo. "Aliyefukia hizi anajua kazi," akasema. Kisha akaanza kuzifunika.

Baba aliruka. Alimwambia ni zako, baba, ulizifukia mwenyewe. Babu alimtazama kama anayetazama mtoto anayesema uongo mbele ya wageni. Alisema yeye shimo lake liko nyuma ya nyumba, kila mtu analijua. Hili ni la mtu. Watu wamekimbia kwao na vitu vyao, mtu kaona mahali pa kuficha riziki yake, nasi tumfukue? Akakaa kando ya shimo, jembe likiwa magotini. Nami nikasukumwa mbele. Nikakunja uso kama dada mkali wa mkono wa kushoto, nikamwamuru afungue. Alivua kofia. Aliniambia, na sauti yake ilikuwa na huzuni ambayo sijaisahau, "Dada, hata wewe?"

Nilirudi nyuma.

Baba alitaka tungoje alale tuzichukue. Shangazi akakataa. Alisema kwanza yeye hataolewa kwa pombe ya kumwibia baba yake, na pili, tufikiri: siku ya siku, mbele ya mjomba wa Nyamigogo, mzee huyu atapewa mrija aonje, naye atasema kwa sauti kubwa kwamba hii ni ya wizi. Babu alikuwa anamsubiri mwenye ndizi. Basi ilibidi mwenye ndizi apatikane.

Unaona tulipofikia. Mtu pekee aliyefaa, aliyetoka ng'ambo, mwenye umri na sura ya kufukia ndizi, alikuwa yuleyule ambaye Baba alimwita mwizi wa ndizi zilezile. Baba alikwenda tena kambini, safari hii taratibu. Nilimfuata. Alieleza yote, akaomba radhi, akazungushazungusha kofia mikononi kama Babu. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho. Homa ilikuwa imemtoka.

"Kwa hiyo juzi niliziiba," akasema, "na leo ni zangu."

"Ndiyo, bwana," Baba akasema.

Yule mtu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akachukua koti lake.

Babu hakumpokea kirahisi. Mlinzi wa mali ya mtu hampi kila anayejitokeza. Alimuuliza alizifukia lini, akajibu siku niliyoondoka. Akamuuliza alitandika majani gani. Akajibu ya mgomba, mabichi, nikayababua kwanza yasichanike. Alijibu bila kutafuta maneno, na mimi niliyekuwa nimesimama karibu niliona kwamba halitazami shimo lililokuwa mbele yake. Ndipo Babu akauliza mdomo wa moshi aliuelekeza wapi.

Yule mtu akageuza uso bondeni. "Mtoni," akasema. "Kwetu jioni upepo unatoka mtoni."

Baba alifumba macho. Mdomo wa lile shimo ulielekea mlimani, na kila mmoja wetu aliuona. Babu naye aliuona. Akautazama mdomo, akamtazama mtu, akautazama tena mdomo. Lori likapita juu barabarani.

"Ulikuwa unakimbia," Babu akasema. "Mtu anayekimbia haangalii upepo."

Yule mtu aliinama, akachukua udongo kidogo, akausaga vidoleni. Akasema jambo ambalo hakuna aliyemtuma aseme. "Wageni walikuwa waje. Nilikuwa namwoza binti yangu."

Hakuna aliyemuuliza binti yuko wapi. Babu alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Yule mtu akasema yeye kambini hana pa kukamulia, hana mtumbwi, lile gogo lililochongwa la kukamulia ndizi, wala vibuyu, na kwa kuwa mzee ana binti, basi anamwachia. Babu alishukuru kwa maneno marefu ya zamani ambayo hata Baba hakuyajua yote. Akatoa sharti moja tu: mwenye pombe ni wewe, kwa hiyo utaonja wewe.

Zikakamuliwa siku ileile, kwa majani na maji kwenye mtumbwi wetu wa kukamulia, zikachanganywa na mtama uliokaangwa, zikafunikwa. Babu na yule mtu walifanya kazi pamoja bila kuongea, kila mkono ukijua unakokwenda.

Watu wa Nyamigogo walifika, vumbi limewageuza wote rangi moja, mjomba akiwa na tai. Kibuyu kikawekwa katikati, mrija ukachomekwa. Macho yote kwa Babu, aliyekuwa amevaa koti na anaonekana yupo kabisa. Hakugusa mrija. Alimwita kibarua wetu, aliyekuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni, akamwonyesha kigoda cha mbele. Yule mtu alikuja na vumbi la kuni mikononi, akakaa.

Mjomba alikohoa. Akauliza kwa adabu, huyu ni nani kwenu.

"Ndiye mwenye pombe," Babu akasema. "Mimi ni baba wa binti tu."

Nilikuwa nimebanwa mlangoni pamoja na Shangazi, na mkono wake ulikuwa umenishika bega mpaka likauma. Yule mtu alivuta funda la kwanza, taratibu, macho amefumba. Akampa Babu mrija. Babu akavuta, akampelekea mjomba. Mjomba aliutazama ule mrija uliopita kwa mtu asiye ndugu, asiye na shamba, asiye na hata kiatu kizima. Kisha akavuta. Akatulia, akavuta tena, safari ambayo desturi haikumlazimisha, akasema pombe hii imefukiwa na mtu anayejua. Babu na yule mtu wakainamisha vichwa kwa pamoja, kila mmoja akidhani anasifiwa mwenzake. Bega langu likaachiwa.

Shangazi yuko Nyamigogo mpaka leo, ana wajukuu. Kambi zilipofungwa yule mtu alikuja kuaga. Babu wakati ule alikuwa anatoka asubuhi na jioni, hakumjua hata Baba, lakini alipomwona alisimama na kuuliza kama amefuata ndizi zake. Yule mtu akasema hapana, mzee, narudi kwetu. Babu akamwambia asiwe na wasiwasi, shimo atamlindia. Kuanzia siku ile mpaka nguvu zilipomwishia aliteremka kila siku hadi kwenye matembele, na mimi nikiwa nimetoka shule nilikwenda kukaa naye pale, mlinzi na dada yake, tukilinda shimo tupu. Nilikuwa najiuliza anaona nini mle ndani. Bado najiuliza.

Migomba yetu iliisha kwa mnyauko. Mtumbwi wa kukamulia uligeuzwa hori la ng'ombe, kisha ukawa kuni. Kilima cha maturubai kimeota miti tena na watoto wa siku hizi wanadhani kilikuwa hivyo siku zote. Na hakuna mzee duniani atakayenivulia tena kofia na kuniamkia.

Asubuhi baada ya sherehe ile ya kreti, mdogo wangu alinitembeza kunionyesha mipango yake. Tulishuka mpaka mwisho wa shamba, ambako sasa kuna mahindi. Akapiga kisigino chini, akasema hapa ndipo atakapochimba tangi la maji, mafundi wanakuja Jumatatu.

Nikamwambia achimbe pengine. Akauliza kwa nini, kuna jiwe?

"Hapo pana mwenyewe," nikasema. "Hajarudi."

Mdogo wangu hakubisha. Alinishika mkono taratibu, akaniuliza kama nimekunywa chai, akanirudisha nyumbani akinitazama kwa jicho ambalo nalifahamu vizuri, kwa sababu ndilo tulilokuwa tukimtazamia Babu.

Tangi amelichimba juu kidogo, karibu na nyumba.